Mauaji ya Buluu

Kwetu Lankashaya, mtoto akilia kupita kiasi
watu husema: anapiga yowe la mauaji ya buluu.
Si mekundu, kama damu ilivyo.
Buluu. Usiniulize kwa nini.
Mimi nilimuuliza Bwana Entwistle, mwalimu wa historia,
aliyefuta ubao kwa mkono wa koti;
akasema huenda kilikuwa kiapo cha Wafaransa,
walioogopa kulitaja jina la Mungu kwa hasira
wakalisitiri ndani ya rangi.
Huenda, akasema. Akapiga chafya. Kengele ikalia.

Basi tukautia msemo kila mahali, kama chumvi.
Wilf, mdogo wangu, kunyolewa jikoni, bakuli kichwani:
mauaji ya buluu.
Paka wa Bibi Ollerenshaw, alipotumbukia kwenye pipa la mvua:
mauaji ya buluu.
Mjomba Seth, timu yake ikifungwa penalti dakika ya mwisho,
aliyapiga mpaka glasi zikatikisika,
na refa akaenda zake nyumbani, mzima, akala chakula cha jioni.
Ndiyo maana yake hasa: hapana maiti.
Kuku mmoja, manyoya ya kuku kumi.

Na nyumba namba kumi na tisa.
Maureen Butterworth. Ijumaa, siku ya mshahara.
Kati yetu na wao palikuwa na unene wa tofali moja,
tuliwasikia wakikoroga chai.
Kwanza kiti. Halafu sahani. Kisha yeye.
Mama hakuinua macho kwenye soksi aliyokuwa akiitia viraka.
"Huyo tena, na mauaji yake ya buluu,"
akanyoosha mkono, akaongeza sauti ya redio.

Jumatatu ni siku ya kufua.
Kamba zimevuka uchochoro, shuka zimevimba,
Mama anatia nili kwenye maji ya mwisho
ili cheupe kizidi kuwa cheupe.
Maureen akapita na kapu,
kitambaa amekishusha mpaka kwenye nyusi.
Upepo wa kwetu hauna adabu.
Mama akatazama shavu lile.
Akatazama maji ndani ya beseni.
Akatazama tena shavu.
Hakusema neno; mkono wake ukabaki majini
muda mrefu kuliko shuka yoyote inavyohitaji.

Ijumaa ile theluji ilianguka.
Kiti.
Sahani.
Mama hakungoja la tatu.
Alitoka na gauni la kulalia, miguu ndani ya mabuti ya Baba,
sufuria ya maziwa mkono huu, mwiko mkono ule,
akasimama mbele ya kumi na tisa
akapiga. Bati, mwiko, koo,
sikujua kifua chembamba kile kilikuwa na akiba ya sauti hiyo.
Hakutukana. Hakuita polisi. Aliita jina moja:
Maureen! Maureen! Maureen!
Taa ikawaka, zikawaka tatu, ukawaka mtaa,
madirisha yakatoa vichwa vyenye vibanio vya nywele,
Bwana Clegg meno yake kayashika mkononi.

Mlango ukafunguka. Mume alisimama pale
akihesabu madirisha.
Maureen akapita ubavuni mwake, soksi tupu kwenye theluji,
akaingia kwetu, akaketi kwenye kiti cha Wilf,
kile kifupi, magoti yakamfika kidevuni.
Wilf akampa biskuti. Iliyokwisha kulambwa.

Asubuhi, kwenye foleni ya mkate,
Bibi Clegg aliiambia dari, kwa sauti ya kusikika:
"Kuna mtu jana usiku alipiga yowe la mauaji ya buluu."
"Ni mimi," Mama akasema,
akaweka sarafu mezani;
nili ya Jumatatu ilikuwa bado kwenye kucha zake.
"Nipe mikate miwili leo. Tuna mgeni."